Shibiri Mbili na Vidole Vinne

Enzi zetu mtoto hakuulizwa akikua anataka kuwa nani. Aliulizwa sasa hivi anafanya nini, na akichelewa kujibu anapewa ndoo. Nyie mliokulia Temeke miaka ile ya Ujamaa mnanielewa. Leo nimekaa kibarazani, goti limenuna tangu asubuhi, wajukuu wako ndani na simu zao, na mie niliyekuwa nachota maji madebe manne kabla ya mchakamchaka sina hata nguvu ya kumfukuza kuku aliyeingia sebuleni. Na aingie. Labda na yeye amechoka.

Tulikaa Mtoni, jirani na ule mkono wa bahari unaojipenyeza katikati ya mikoko. Asubuhi tunakimbia mchakamchaka huku tumboni mna uji usio na sukari, kwa kuwa sukari ilikuwa kitu cha kusikia kwa jirani. Shuleni nusu ya siku tunalima mihogo ya shule, nusu iliyobaki tunafundishwa kwa nini tunalima. Mchana ugali wa unga wa njano, ambao mama zetu waliusonga huku wakiusema kama wanamsema mtu. Jioni gololi, kombolela, na tiara za magazeti ya zamani tulizozigandisha kwa ugali huohuo, maana ulikuwa na faida zaidi kwenye gazeti kuliko tumboni. Kaptula yangu ilikuwa na viraka viwili nyuma, vya mviringo, pande zote mbili. Wenzangu wakasema Sele amevaa miwani. Sikukasirika. Kukasirika kulitaka nguvu, na nguvu zilikwisha shambani.

Mwaka huo ndio Mjomba Bakari alipokuja kukaa kwetu. Ni kaka yake Mama, fundi wa vyombo kutoka Kilwa, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani aliiazima kwa mtu mwingine. Tangu ujana wake alikuwa akiunda mashua na ngalawa. Alifika na kikapu cha zana na shuka mbili, na kabla hajanywa hata maji alizunguka nyumba yetu akigonga milango kwa vidole, akamwambia Mama, "Dada, aliyekuchongea mlango huu alikuwa na ugomvi na wewe?"

Kilichomleta ni boti. Kikundi chetu cha ujamaa pale mtaani kilikuwa kimeahidiwa mashine, zile zinazoning'inizwa nyuma ya boti, iwasaidie wavuvi kuvusha samaki na watu. Lakini wilaya ilisema mashine haitatoka ghalani mpaka kikundi kiwe na boti yake, ya mbao, iliyoundwa na wanakikundi wenyewe kwa moyo wa kujitegemea. Na juu ya hapo kulikuwa na jambo la pili, ambalo ndilo lililomtoa Mjomba Kilwa. Boti ikifaulu, pale Mtoni itajengwa karakana ya kuunda boti nyingine za aina ile, na aliyeunda ya kwanza ndiye atakayekuwa fundi mkuu, na kiwanja atapewa. Isipofaulu, kazi ataichukua kijana mmoja aliyetoka chuoni, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuwa anangoja tu.

Mjomba alikuwa anaelekea uzeeni, na Kilwa kazi zilikuwa zimepungua. Alimwambia Mama mbele yangu, "Hii ndiyo ya mwisho, dada. Nikipata hapa, nawaleta wanangu, tunakaa wote. Nikikosa, narudi Kilwa kuziba matundu ya ngalawa za watu." Mama akasema, "Utapata." Na mie nikasema kimoyomoyo utapata, kwa sababu tangu aje, nyumba yetu ilikuwa na mtu anayecheka. Baba alikuwa msafiri wa kikazi, akija anakuja na mzigo wa nguo chafu na usingizi.

Basi nikawa mwanafunzi wake. Nikitoka shule navua shati, nakwenda kiwanjani nyuma ya nyumba ya balozi wa nyumba kumi, ndipo boti ilipolazwa. Nyie mnaodhani kuunda chombo ni kupigilia mbao misumari, kaeni mkao. Kwanza ni mkuku, ule uti wa mgongo wa chini. Mjomba aliutazama siku nzima bila kuugusa, amechuchumaa, jicho moja kalifumba. Nikamuuliza, "Mjomba, tunaanza lini?" Akasema, "Tumeshaanza. Hii ndiyo kazi. Kupiga nyundo ni mapumziko."

Halafu mataruma, mbavu za chombo. Hizi hazipindwi, zinatafutwa zikiwa zimeshapinda. Tulizunguka mashamba ya mikorosho mpaka Mbagala tukitazama matawi, na Mjomba akiona tawi lililopinda vizuri anasimama mbele yake kama mtu anayetaka kutoa posa. Wenye mashamba walimwona mwendawazimu. Anakuta mkorosho mzima umejaa korosho, yeye anauliza bei ya tawi moja kilema.

Nilijifunza kushika tezo, lile shoka la kuchonga ambalo unalipiga kuelekea miguuni mwako mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo sielewi nani alilibuni na alikuwa na vidole vingapi. Nilijifunza kupiga kalafati, kushindilia pamba katikati ya mbao ili maji yasipite, na kupaka sifa, mafuta ya papa. Nyie! Sifa ikikupata mwilini huoshi ikaisha. Unangoja ngozi nyingine iote. Darasani mwalimu alinihamishia dirishani, halafu akahamisha dirisha zima, yaani aliwahamisha wote waliokaa upande ule. Mama alinilisha uani. Paka wa mtaa mzima walinipenda.

Vijana wa sasa wanasema wana msongo wa mawazo kwa sababu chaji imeisha. Sawa. Siwasemi. Mie nilikuwa na sifa.

Balozi wetu aliitwa Mzee Ngonyani, Mngoni wa Songea, mtu wa kanisani na wa mikutano, anayevaa kofia ya pama hata akienda chooni. Yeye na Mjomba, Mmatumbi wa Kilwa, walikuwa watani, na kazi yote ilikwenda kwa matusi ya utani. Mzee Ngonyani anakuja asubuhi anaizunguka boti, mikono nyuma, anasema, "Bakari, hili jeneza la nani?"

"Lako," anajibu Mjomba bila kuinua kichwa. "Nimeliacha pana, kwa ajili ya tumbo."

"Wamatumbi bwana! Mmekaa pwani miaka yote, mpaka leo mnaunda vitu vinavyofanana na ganda la embe."

"Na wewe umekaa Dar miaka yote, mpaka leo unaogopa maji ya kuoga."

Nami nilicheka mpaka misumari ikanidondoka. Siku hizi mkimtania mtu hivyo anakufungia simu.

Ilipobaki shetri, ule ubao mpana wa nyuma ambao mashine inaung'ang'ania, kazi ikasimama. Shetri Mjomba alikwishaunda nyingi, lakini za kubeba usukani, siyo za kubeba mashine. Alikwenda bandarini akazunguka akiuliza mabaharia, akarudi na jambo moja tu, akalishika kama dini. Mguu wa mashine una kibamba cha bapa juu ya pangaboi linalosukuma maji. Kibamba hicho lazima kiwe sawasawa na tumbo la boti. Kikikaa juu, pangaboi linakula hewa. Kikikaa chini, boti inakokota mguu kama kiwete. Kwa hiyo urefu wa shetri ni urefu wa kutoka kwenye ndoana inayoshika ubao mpaka kwenye kibamba. Hakuna kubahatisha. Na mashine iko ghalani mjini, imefungiwa.

Balozi akaandika barua, ikapatikana ruhusa ya siku moja ya kwenda kuiona. Siku mbili kabla, tezo likateleza likamkata Mjomba mguuni. Mguu ukavimba, hawezi hata kusimama. Mzee Ngonyani akasema atakwenda yeye, tena ndiye mwenye barua. Mjomba akashika kichwa. "Mngoni akanipimie chombo? Atanipimia kama debe la mahindi!" Akaniita. Akanipa kibunda cha mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, kitu ambacho wakati ule ukikiona dukani unashangaa kama umeona tausi. Akasema, "Sele, wewe umeshakuwa jicho langu. Unaweka ncha hii kwenye ndoana, unavuta mpaka kwenye kibamba, unapiga fundo. Basi. Usiniletee hesabu. Niletee fundo."

Niletee fundo. Maneno mawili. Mtoto wa darasa la tano, mwenye akili timamu na miwani nyuma, angeshindwaje?

Sasa nyie mniambie. Mtoto anayerusha tiara kwa nyuzi za magunia alizoziunga mafundo mafundo, tiara ambayo haijawahi kupanda zaidi ya paa la msikiti, anapewa kibunda kizima cha mshipi, jioni, na upepo upo. Nilisema nitajaribu mara moja tu. Tiara ilipanda jamani. Ilipanda mpaka wenzangu wakanyamaza. Kwa robo saa nilikuwa mtu mkubwa Temeke nzima. Halafu mshipi ukanikata kidole, nikauachia, tiara ikaondoka nao kuelekea kwenye mikoko taratibu, bila hata haraka, kama inanipa nafasi ya kutafakari.

Kesho yake nikaenda mjini na Mzee Ngonyani mikono mitupu. Njiani kote sikusema. Tulipofika, yeye akaingia ofisini kuweka saini, na kuweka saini kwa enzi zile kulikuwa safari kamili. Mie nikaelekezwa ghalani. Mashine ilikuwa imesimamishwa kwenye benchi la mbao, mpya, inanukia rangi. Leo najua kwamba hata mkanda wa suruali ungetosha. Hata kijiti. Hata uzi wa kiraka changu kimoja. Lakini hofu haitafuti kijiti. Nilinyoosha kiganja changu, dole gumba mpaka kidole cha mwisho, nikapima kwa shibiri kama nilivyowaona wakubwa wakipima. Shibiri mbili na vidole vinne. Nikairudia nisije nikakosea. Shibiri mbili na vidole vinne. Nikajiona hodari.

Nilipofika nyumbani Mjomba alikuwa amekaa mkekani, mguu juu ya mto. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Fundo liko wapi?"

Ulimi ukajiendea wenyewe. "Mtu wa ghala kauchukua mshipi. Kasema labda tumeuchukua mlemle ghalani. Lakini kanipimia yeye mwenyewe kwa mkono wake. Shibiri mbili na vidole vinne."

Mjomba akacheka kwa uchungu. "Hata mshipi wameuona!" Akapima hewani kwa kiganja chake kikubwa. "Mguu mrefu huu," akasema. "Haya. Mashine siijui mie, naijua mbao. Kama mwenyewe kasema, kasema."

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa pana, ingepita ng'ombe. Mama akaita chakula tayari, nikainuka haraka kama mtu mwenye njaa.

Shetri ikakatwa kwa shibiri za Mjomba. Ilikuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za boti ile. Aliipiga randa siku tatu, huku anachechemea, akaipaka mafuta mpaka mbao ikawa inakutazama kama kioo. Alinifundisha kuiungia magoti, zile mbao za pembeni zinazoikaza ili mashine isiing'oe. Nilikaza kila msumari kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena maishani, nadhani kwa kutumaini kwamba bidii ingefupisha ubao.

Siku ya majaribio Mtoni yote ilikuwa ufukweni. Maji yamejaa, akina mama wa kikundi wamevaa kanga sare, ngoma ipo, na Bwana Afisa wa wilaya kaja na suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Pembeni kijana wa chuo na kalamu zake mbili. Mashine ikaletwa na watu wawili, ikaning'inizwa. Mjomba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, kaipandisha mpaka magotini, kasimama ndani ya maji. Kamba ikavutwa mara ya tatu, mashine ikanguruma, vigelegele vikapanda.

Boti haikwenda.

Pangaboi lilikuwa linapiga hewa na povu nyuma ya boti, kelele nyingi, mvuke wa maji, boti imesimama palepale kama mtu anayegombana na mlango. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mzee Ngonyani akajaribu kuokoa hali kwa utani. "Bakari, umetuundia mashine ya kukorogea uji!" Watu wakacheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya, maana safari hii Mjomba hakumjibu.

Akaashiria mashine izimwe. Akainama, akapitisha mkono chini ya boti, akaugusa mguu wa mashine. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sele, njoo."

Nikaingia majini mpaka kiunoni. Akachukua kiganja changu, akakifungua kidole kimoja kimoja, akakiweka kwenye ndoana ya mashine. Shibiri moja. Akakishusha. Shibiri mbili. Akaongeza vidole vyangu vinne. Kidole cha mwisho kikakaa juu ya kibamba, sawasawa, kama kilichongewa pale. Watu waliokuwa ufukweni hawakuona, mgongo wake ulikuwa umetuziba. Akaniachia mkono wangu pale majini, akanitazama.

"Mtu wa ghala alikuwa mfupi, eh?"

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Jamani. Nilisema ndiyo.

Hakunipiga. Aliomba mashine iondolewe, akaomba msumeno. Akapanda botini, akachora kwa msumari, akaanza kuikata shetri yake mbele ya watu wote, pengo la mraba ukingoni juu, katikati ya ule ubao aliouremba siku tatu. "Shika hapa, kaza," akaniambia. Nilishika. Unga wa mbao ulikuwa unaniangukia usoni na sikuufuta. Kipande kilipokatika kikadondoka majini kikaelea, mtoto mmoja akakiokota akakimbia nacho.

Mashine ikashuka, ikakaa mahali pake, ikawashwa. Na boti ikaenda. Ilienda vizuri, nyie, ilikata maji kama kanga mpya inavyochanwa. Ikafika ng'ambo, ikageuka, ikarudi na Bwana Afisa ndani. Lakini shetri iliyokatwa ikawa fupi ina tabia yake. Dereva alipopunguza mwendo ghafla karibu na ufuko, wimbi la nyuma yao wenyewe likawafuata, likakuta lango liko wazi, likaingia. Bwana Afisa aliteremka akiwa ameloa mpaka kwenye mifuko. Yale makali ya suti yalikuwa yamelala.

Kesho yake alasiri kukawa na mkutano uani kwa balozi. Wanaume kwenye mabenchi, akina mama mikekani, sie watoto mlangoni tumechuchumaa, maana mtoto kusikiliza ruksa, kusema marufuku. Bwana Afisa, akiwa na suti nyingine, alisema mashine itabaki kwa kikundi, kwa kuwa boti imara na imetembea. Lakini kosa la kipimo ni kosa kubwa. Angetaka kujua nani alipima.

"Mimi," akasema Mjomba.

Mzee Ngonyani akavua kofia, akajikuna. Alikuwa mtani lakini alikuwa mtu wa haki. "Bakari, wewe ulikuwa na kidonda. Mbona mjini nilikwenda na mtoto, na mtoto ndiye aliyeingia ghalani?"

"Mtoto nilimtuma akatazame rangi," Mjomba akasema. "Nipake boti ifanane. Kipimo nilikisia mwenyewe, kwa mazoea."

Watu wakacheka. Mzee Ngonyani hakucheka. Alinitazama pale mlangoni, Mama naye akageuka akanitazama, na mie nikatazama vidole vya miguu yangu, nikavihesabu vyote.

Bwana Afisa akatikisa kichwa kwa upole, na upole wake ndio uliokata. Akasema mzee amefanya kazi nzuri ya mikono, lakini zama za kukisia zimepita, karakana inahitaji mtu wa futi na inchi. Kijana wa chuo akaitwa mbele, akapigiwa makofi. Mjomba alipiga makofi pia. Ile mikono mikubwa ikipiga makofi ilisikika kuliko yote.

Aliondoka baada ya siku nne. Asubuhi hiyo alipanga zana zake kikapuni moja moja, tezo akalifunga kwa kitambaa ili lisikate wengine njiani. Mama alikuwa jikoni akifanya moshi kuwa kisingizio cha machozi. Nilimbebea kikapu mpaka barabarani. Nilikuwa na maneno yamenijaa mdomoni kama kashata, nikiyatafuna siyamezi siyatemi. Yeye ndiye aliyesema. Alinishika kiganja, akakipima na chake, akatabasamu. "Mkono utakua," akasema. "Usiuharakishe."

Mkono ulikua. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikawa karani, nikashika kalamu miaka yote mpaka nikastaafu nikiwa na kidole kimoja kilichopinda. Nyumbani kwangu kuna kiti kinayumba mwaka wa tisa huu. Mke wangu husema kwa wageni, "Huyu alijifunza kuunda boti, msimwone hivi," na wageni hucheka wakiwa wamekikalia hicho hicho kiti.

Kilwa kumtembelea Mjomba sikwenda. Mie ni mtu wa nyumbani, safari ya sokoni tu naiagia kama naenda Hija. Lakini barua ziliandikwa, na nilikuwa naziandika mie, kwa kuwa Mama hakujua kuandika. Anakaa pembeni yangu ananitamkia, salamu kwa fulani na fulani, hatujambo, mvua zimenyesha. Mwisho anasema, "Basi, funga." Na kila mara pale chini ilibaki nafasi ya mstari mmoja. Nilikuwa nauchora maua.

Nilikwenda Kilwa kwenye arobaini ya Mjomba. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Baada ya dua, tumekaa mkekani na chai, mwanawe mkubwa Saidi akaanza kusimulia habari za marehemu, kama watu wanavyofanya machozi yakikauka. Akafika kwenye ile boti ya Dar. Akasimulia jinsi baba yao alivyokwenda mjini kuunda boti ya mashine, akapima shetri kwa mazoea, mashine ikakoroga uji mbele ya wakubwa. "Mwenyewe alikuwa akitusimulia kila akitufundisha kazi," Saidi akasema. "Alikuwa anasema, wanangu, msikisie kama nilivyokisia mimi." Mkeka mzima ukacheka, wazee wakapangusa macho.

Hata kwake. Hata kwa wanawe waliokosa kuja Dar, alisema ni yeye.

Saidi akanigeukia. "Wewe Sele ulikuwepo, si ndiyo? Ilikuwaje?"

Wote wakanitazama, watu wema wenye vikombe mkononi. Nikafungua mdomo. Nikaomba sukari.

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa miaka saba alivunja redio yangu. Sikuwa nimejua. Alikuja mwenyewe hapa kibarazani, kashika kipande, akasema, "Babu, redio nimeivunja mie, nilikuwa nacheza. Samahani," akageuka akarudi ndani kumalizia katuni yake. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, mnajua tulivyo, kwamba watoto wa sasa hawana adabu, wanaropoka mbele ya wakubwa, sie tulikuwa hatuthubutu. Sentensi ikanifia. Nilikaa na kile kipande mapajani mpaka jua likazama, nikimwonea wivu mtoto wa miaka saba.

Enzi zetu tulifundishwa mengi kuliko wao, hilo sibishani na mtu. Tulifundishwa kulima, kuchota, kuchonga, kuamkia, na kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Kulima nimesahau, kuchonga sikufika mbali. Kunyamaza ndiko nilikofaulu.